Ng'ombe wa Cheti

Ukimuuliza mtu chuo cha ufundi kinagharimu kiasi gani, atakutajia ada. Mimi pia nilikuwa najibu hivyo, mpaka baba yangu aliponifundisha hesabu nyingine. Alinifundisha vizuri sana, na kwa kuwa alinifundisha kabla hajaniumiza, nitaanza na hesabu yenyewe. Huenda ikakufaa hata kama mambo yangu mengine hayakuhusu.

Tulikuwa tunakaa Ilembo, pembeni mwa mji wa Mpanda, upande ambao nyumba zinakwisha na mashamba yanaanza. Baba alihamia huko na ng'ombe kutoka Usukumani nikiwa bado mgongoni kwa mama. Habari hii ni ya katikati ya miaka ya tisini, Mpanda bado ni wilaya ya mkoa wa Rukwa, na ukisema Katavi watu walijua unazungumzia mbuga ya wanyama. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, sikuchaguliwa kuendelea, na kwa miaka kadhaa maisha yangu yalikuwa jembe, ndoo na sufuria.

Siku moja mwalimu wa kike kutoka chuo cha wananchi kilichokuwa nje ya mji alipita nyumba kwa nyumba. Alisema nafasi za wasichana kwenye ushonaji hazijajaa. Baba alimsikiliza akiwa amesimama, akamkaribisha maziwa, akamsindikiza mpaka njiani. Aliporudi alitukuta tunapukuchua mahindi: mama, kaka yangu mkubwa na mimi. Akachuchumaa katikati yetu, akaokota gunzi moja na kuliweka chini.

"Hii ni ada," alisema. Akaweka la pili. "Hii ni chakula, maana wanataka mahindi na maharage kila muhula. Na hii ni sare, mkasi, futi na vitambaa vya kujifunzia." Kisha akazoa magunzi kwa mikono miwili, akayamwaga kando, yakawa lundo. "Na hili lote ni wewe."

"Mimi kivipi, baba?"

"Wewe usipokuwepo, nani anapalilia? Nani anachota maji? Nitaweka kibarua. Kibarua anakula, na mwisho wa mwezi anataka pesa. Miaka miwili! Hiyo ndiyo bei yenyewe, mayu. Chuoni hawaisemi kwa sababu hawailipi wao."

Mayu ni mama kwa Kisukuma. Baba aliniita hivyo tangu utotoni, na aliponiita hivyo nilikuwa tayari kubeba hata jiwe.

Tangu siku hiyo sijawahi kusikia mtu akieleza gharama ya kusoma vizuri kuliko vile. Nimekaa kwenye semina, nimesikia wataalamu wakizungumza kwa saa nzima, na wengi wao wanalisahau lile lundo. Kama una kijana unayetaka kumpeleka chuo, usiangalie ada peke yake. Angalia mikono inayoondoka nyumbani. Ukishaiona, ndipo utajua kama unaweza.

Kaka hakufurahi. Alikuwa amefika umri wa kuoa, na kwetu kijana huoa kwa ng'ombe wa zizini.

"Sasa faida iko wapi?" aliuliza. "Tunatoa, tunatoa, halafu?"

"Faida ni ya kwake," baba alimjibu. "Akimaliza namnunulia mashine ya kushona. Anakaa kibarazani mjini, mtaa wa Makanyagio, anashona, anakula jasho lake. Hata mume akimshinda, mashine haitamshinda."

Mama alicheka. "Usimtabirie mtoto mume wa kumshinda!"

Tulicheka wote, kaka akiwa wa mwisho. Maneno hayo niliyaweka moyoni kama yalivyo. Faida ni ya kwake.

Ada ya kwanza ilitoka kwa maksai. Hapo panahitaji maelezo kwa asiyefuga. Maksai wa kulimia hufundishwa wawili wawili, huyu upande huu na yule upande ule, na ukiuza mmoja umeharibu wote wawili, maana aliyebaki hakubali haraka kufungwa na mgeni. Baba alimpeleka mmoja mnadani. Msimu ule walilima kwa jembe la mkono sehemu kubwa ya shamba, na nilipokuja likizo kaka alikuwa akipita mbele yangu na viganja vyake wazi ili nione malengelenge. "Hii ni sindano yako moja," alikuwa akisema. "Na hii nyingine."

Chuoni nilijifunza kwa furaha ambayo hata leo nikiikumbuka natabasamu. Vitambaa vilikuwa ghali, kwa hiyo mwaka wa kwanza tulikata nguo kwenye karatasi za mifuko ya saruji. Tulikung'uta vumbi, tukapanga, tukachora kola na mikono, tukakata, tukakohoa. Mashine zilikuwa chache, wasichana wawili kwa mashine moja, na aliyekuwa akisubiri zamu alikaa pembeni akisoma mshono wa mwenzake kwa macho. Usidharau kujifunza kwa namna hiyo. Nilikuja kuona kwamba makosa mengi niliyaacha bila kuyafanya, kwa sababu nilikuwa nimeyaona kwa mwenzangu.

Mwalimu wetu alikuwa mkweli kuhusu soko. Wakati huo mitumba ilikuwa imeanza kumwagika mpaka Mpanda, inashuka na treni kwa marobota, na mafundi wa zamani walikuwa wanalia.

"Msishindane na mtumba," alitwambia. "Shati la mtumba litawashinda bei hata mkishona usingizini. Nyie shoneni kile ambacho hakiji ndani ya robota. Sare za shule. Gauni la komunyo. Gauni la mama mwenye mwili wake. Na muwe na mashine zenu. Ukishonea mashine ya mtu, nusu ya jasho ni ya mwenye mashine."

Darasa liliguna. Mimi sikuguna, kwa sababu nilikuwa najua yangu inakuja.

Siku ya kumaliza, baba alikuja kwa baiskeli. Nilimpa cheti akakishika kwa ncha za vidole, akakigeuza mbele na nyuma. Hakuwa anajua kusoma.

"Muhuri upo?" aliuliza.

"Upo, baba. Huu hapa."

Aligusa muhuri kwa kidole gumba. Akakiingiza ndani ya mfuko wa nailoni, akakunja mfuko, akauweka ndani ya koti upande wa moyo. "Nikutunzie. Nyie vijana mnapoteza vitu." Nilipanda nyuma ya baiskeli, na njia nzima niliona mgongo wa mtu anayejivunia mwanawe.

Wiki zilizofuata alikwenda nacho mnadani, kilabuni, mpaka kwa fundi baiskeli. Watu walinisimamisha njiani na kuniita fundi. Kila nilipouliza habari za mashine, alinijibu kwa upole kwamba bei imepanda kidogo, tusubiri. Nikasubiri. Nilikwenda Makanyagio, nikazungumza na mama mmoja mwenye duka la nguo juu ya kupata nafasi kwenye kibaraza chake, akakubali. Nilipima kwa hatua mahali ambapo ningeiweka mashine ili nipate mwanga wa asubuhi, baba akinitazama, ameshika baiskeli yake.

Badala ya mashine akaja mchumba.

Kijana mwenyewe nilikuwa namfahamu kidogo. Kwao ni Inyonga, na yeye alikuwa amepanga chumba Makanyagio, akiuza asali iliyotoka kwenye mizinga ya baba yake, mzee aliyefuga pia ng'ombe. Alikuwa mpole, mcheshi, na sikuwa na neno naye. Alipoleta mshenga nilifurahi. Nilifikiri: atauza asali yake, nami nitashona nguo zangu, mtaa uleule. Sikuona mambo hayo mawili yanagongana wapi.

Siku ya kupanga mahari, wanaume walikaa sebuleni, sisi tulikuwa jikoni nyuma ya ukuta wa matofali mabichi ambao haukufika mpaka bati. Kila neno lilivuka. Nilikuwa nachambua mchele, mama anakoroga mboga.

"Binti tumemuona," mshenga alisema, "na hatuna kasoro naye. Lakini ng'ombe mnazotaja hapa, mkwe, ni za binti wa namna gani? Ana pembe za dhahabu?"

"Ni fundi," baba alijibu. Nikasikia mfuko wa nailoni ukikunjuliwa. "Hiki hapa. Kina muhuri."

"Cheti kinalima?"

"Kinashona. Nyuki wenu wakihama, huyu ndiye atawalisha."

Walicheka. Nami nilicheka kule jikoni, nikiwa na ungo mapajani. Kisha sauti ya baba ikabadilika, ikawa ile ya mtu anayeeleza kitu alichokwisha kukipima muda mrefu. Akaanza na ada. Akaja kwenye chakula, sare, mkasi, futi. Akafika kwenye kibarua aliyepalilia badala yangu. Ilikuwa hesabu ileile, kwa mpangilio uleule, neno kwa neno.

"Kwa hiyo ng'ombe wanne juu ya mahari ya kawaida," alimalizia. "Wa cheti. Nilitoa ng'ombe, ng'ombe warudi, na wakirudi wawe wamezaa. Nyie ni wafugaji wenzangu, mnajua."

Walijua. Kwetu, ng'ombe uliyemtoa mikononi mwako kwa miaka miwili hategemewi kurudi peke yake. Hakuna aliyeshangaa ila mimi.

Ndipo akajibu baba wa kijana. Alikuwa mtu wa sauti nzito na isiyo na haraka. "Sawa," alisema. "Lakini tuelewane. Nikilipia ufundi, ufundi ni wangu. Mashine nitanunua mimi, itakaa nyumbani kwangu Inyonga. Na yeye atakaa huko ashone, watoto wa shule ni wengi. Kitakachoingia kinaingia kwangu. Siyo kesho mnaniambia mtoto anataka kibaraza mjini."

Niliacha kuchambua mchele. Nilikuwa na hakika baba angesema neno. Alikuwa ameniona nikipima kile kibaraza.

"Ni haki yako," baba alisema.

Nilimgeukia mama. "Umesikia?"

"Angalia moto," alisema.

"Mama, ulijua?"

Alikoroga mboga ambayo haikuhitaji tena kukorogwa. "Kaka yako anataka kuoa," alisema, bila kuniangalia. "Wakwe zake wameshaahidiwa."

Ningependa msomaji aelewe kilichoniuma, maana si mahari. Mahari nilikulia ndani yake. Mama yangu alitolewa ng'ombe, bibi zangu walitolewa, na ng'ombe wa dada kumuolea kaka ni jambo la kila boma. Kilichoniuma ni kwamba sehemu hii, ya ufundi, haikuwa ya boma. Nilikuwa nimepewa kwa mdomo wa baba mwenyewe, mbele ya watu, na kwa miaka miwili nilikuwa nimekohoa vumbi la saruji nikijua ni yangu. Kumbe ile hesabu nzuri ilikuwa ya mtu anayenenepesha mnyama wa kwenda mnadani. Na aliyenifundisha kuihesabu ni yeye.

Nilimfuata asubuhi zizini. Nilimwambia nimesikia. Hakukasirika.

"Utakuwa na mashine," alisema. "Si ndiyo ulitaka?"

"Itakuwa ya baba mkwe."

"Atakufa siku moja. Mtarithi." Akaendelea kukamua. "Usinichanganye, mayu. Mambo haya yameshapangwa."

Ng'ombe waliswagwa kutoka Inyonga, siku kadhaa njiani, wakafika wamechoka na mbavu nje. Ndugu walijaa uwanjani. Sasa, kuna swali moja ambalo huulizwa siku hiyo. Kabla ng'ombe hawajaingia zizini, binti huitwa, husimamishwa mbele ya watu, na mshenga humuuliza kama wapokelewe. Binti hujibu ndiyo, kwa sauti ndogo, akiangalia chini, wanawake wanapiga vigelegele. Kila mtu analijua jibu, ndiyo maana hakuna anayesikiliza. Baba alikuwa ameshafungua mlango wa zizi na amesimama na fimbo.

"Haya, binti yetu," mshenga alisema. "Ng'ombe hawa unawaona. Tuwapokee?"

"Wa kunioa mimi, wapokeeni," nilisema. "Wale wanne wa cheti warudi kwao. Ufundi wangu siuzi."

Shangazi mmoja alikuwa ameshaanza kigelegele, kikamkatikia mdomoni.

"Umesemaje?" mshenga aliuliza.

Nikarudia, kwa sauti kubwa zaidi, kwa sababu kama nisingeongeza sauti ningelia.

Mshenga alimtazama baba, akamtazama baba wa kijana. "Eeh, wazee! Huyu anajua kutenganisha zizi."

Nilitegemea baba wa kijana aondoke na kila kitu chake. Badala yake aliangua kicheko mpaka akashika magoti. "Mimi ni nani nikatae ng'ombe wangu mwenyewe?" alisema. Hapohapo akaingia katikati ya kundi, akaanza kuwachagua wanne, tena wale ambao njia haikuwa imewakondesha sana. "Ila mashine sinunui tena, msije mkanidai."

"Sijaiomba," nilisema.

"Na Inyonga huji?"

Kijana mwenyewe, ambaye siku hiyo hakutakiwa kusema lolote, alisema, "Baba, mimi chumba changu kiko Makanyagio."

Baba alibaki ameshika mlango wa zizi. Sijawahi kumuona mtu akisimama vile kwenye uwanja wake mwenyewe. Wakwe walikuwa wanacheka kwa furaha ya watu waliopunguziwa bei, na kicheko chao kilikuwa kinampiga yeye. Nilimhurumia. Hata sasa, nikieleza kwamba alinisaliti, siwezi kueleza bila kumuona amesimama pale.

Kaka alinifuata nyuma ya nyumba. "Umeninyima mke kwa ajili ya sindano!" alifoka. "Sindano!" Ndoa yake ilisogezwa mpaka msimu mwingine, na maneno yale ndiyo ya mwisho aliyoniambia kwa muda mrefu.

Wageni walipoondoka, nilimkuta baba amekaa kwenye kigoda, kile kifuko cha nailoni kikiwa gotini.

"Gharama zangu atanirudishia nani?" aliuliza.

Lilikuwa swali la haki, na nilikuwa nimelifikiria. "Mimi," nilisema. "Nitashona, nitakuletea kidogo kidogo mpaka useme basi. Ninunulie mashine kama ulivyoahidi, nitarudisha na ya mashine."

"Sina mashine."

"Baba, ulipoahidi, ulimaanisha?"

Alifikiri kweli. Hakutaka kunidanganya, na hilo ndilo liliniuma kuliko uongo.

"Siku ile nilimaanisha," alisema. "Halafu nikaona watu wanavyokiangalia hiki cheti." Akarudisha kifuko ndani ya koti. "Hiki kinakaa kwangu mpaka unilipe."

Niliolewa bila cheti na bila mashine. Wapo wasichana wanaoniuliza wafanye nini ili lisiwapate lililonipata, na ningependa sana kuwa na jibu. Ningewaambia wapate ahadi mbele ya mashahidi, lakini mimi niliipata mbele ya mashahidi. Ninachoweza kuwaambia ni kwamba ufundi ukishaingia mikononi, hakuna zizi la kuufungia. Makanyagio hakuna mteja hata mmoja aliyeniuliza cheti. Waliuliza kama mshono utafumuka.

Yule mama mwenye kibaraza alikuwa na mashine ya zamani, kanyagio lake linalia kama mlango. Alinipa nishonee, nusu yangu nusu yake, kama mwalimu alivyosema. Nilianza na sare za shule. Kila nilipopata, nilitenga pesa za baba na kumpa mama amfikishie siku za gulio. Mama aliniambia anapokea, anaweka mfukoni, haulizi ni za nini. Hakuna siku aliyosema basi. Kaka alioa mwaka uliofuata, na sikuitwa kushona nguo ya bibi harusi.

Baba alikuwa akipita pale kwa baiskeli kwenda mnadani, macho mbele. Niliizoea kengele yake. Siku moja ilikatika ghafla, nikainua kichwa, nikamuona ameshuka. Aliegemeza baiskeli kwenye nguzo, akanisalimia kama mtu anavyosalimia dukani. Akanyoosha mkono, akashika kaptula ya shule niliyokuwa nimeitundika, akavuta mshono huku na huku kwa nguvu. Haukuachia.

"Hii bei gani?" aliuliza.

Nilimtajia bei ninayomtajia kila mtu.

"Ghali," alisema. Akasubiri kidogo, kama mnunuzi anayengoja kupunguziwa. Sikupunguza. Akapanda baiskeli akaenda zake, nami nikavuta kipande kingine cha kitambaa na kukanyaga mashine.